Mianzi Aliyoagiza Kiarie

Miche sita ya mianzi ilifika Kibomet siku ya nne baada ya mazishi ya Kiarie. Mtu wa bodaboda aliitua langoni. "Mzee aliagiza. Ashalipa." Rispah, mjane wa Kiarie, mzaliwa wa Bumula, akaitikia tu. Hakumwambia kwamba mzee hayupo.

Miche ilikaa nyuma ya jikoni juma zima. Mvua ya Aprili ilipoanza, Rispah alichimba mashimo kando ya ua, akatia samadi, akapanda. Hakulia. Hakuwa amelia tangu hospitalini, na watu walishaanza kumwangalia kwa jicho la pembeni.

Siku zisizo na mvua aliimwagilia kwa kopo, akatandaza mabua ya mahindi kwenye mashina ili unyevu usipotee. Hakuipenda wala kuichukia. Ilikuwa kazi, na kazi ilimpitishia saa.

Jirani yake Kipngetich alimwita kutoka upande wa pili wa ua. "Mama, hii kitu itaingia kwangu. Chimba mtaro, mizizi isivuke."

Alichimba siku tatu, mpaka viganja vikatoka malengelenge. Aliyatazama kana kwamba mikono ni ya mtu mwingine.

Mwaka wa tatu, mvua zilipokolea, chipukizi nene zikachomoza ardhini. Wiki hiyo mdogo wake, Nakhumicha, alikuja kutoka Bumula.

"Hapa unakaa kufanya nini, dada? Watoto wote wako Nairobi. Si urudi tukae pamoja?"

"Nitafikiria," Rispah akasema, kama alivyosema mwaka uliopita.

Nakhumicha akachoka kusihi. Alichukua panga, akakata chipukizi mbili, akazimenya, akazichemsha mara mbili huku akimwaga maji machungu, kisha akaziunga kwa karanga za kusaga, vile mama yao alivyokuwa akipika.

Rispah alikula. Sahani ilipokaribia kwisha, alisema, "Nilimwambia Kiarie nazipenda hizi. Mara moja tu, kabla hajanioa."

Nakhumicha akaacha kutafuna. "Kwa hivyo ndiyo maana aliagiza?"

"Sijui. Mimi nilidhani anataka ua wa mianzi."

Nakhumicha alingoja dada yake alie. Rispah akasukuma sahani mbele. "Niongezee."

Asubuhi alichimbua shina moja lenye mizizi, akalifunga kwa gunia bichi, akampa mdogo wake akalipande Bumula. Yeye mwenyewe alibaki Kibomet.