Taa Mbili za Lori Lililoungua

Mwenye gereji aliyenifundisha kazi Bukoba alinifukuza mbele ya wateja: "Hujui namba, utasomaje kipimo changu cha injini? Rudi kwenu Maruku ukapalilie migomba!"

Vita vya Kagera vilikuwa vimeisha juzi tu. Kwa wauza vyuma chakavu nikachagua taa mbili ndogo za dashibodi ya lori la jeshi lililoungua, nyekundu na kijani, na swichi kubwa ya redio mbovu, ya kuzungusha hata mikono ikijaa grisi. Nikaunda kipimo changu: injini ikikaa sawa, kijani huwaka; isipokaa, nyekundu. Hakuna fundi Kagera nzima aliyewaza hivyo.

Macho ya yule mwenye gereji yalipozeeka, alinifuata kwenye gereji yangu Muleba na gari la mteja.

"Mwanangu, namba sizioni tena."

"Kwangu hazipo, mzee. Zungusha, usome kwa sauti."

"Kijani," akasema.

Wateja wangu wakacheka kumsikia fundi mzee akisoma rangi kama mtoto. Nikairudisha swichi mwanzo, nikamwambia asome tena mbele yao.