Kunde za Ami Nassor

Ami yangu Nassor alipozidiwa na maradhi, alipiga simu Unguja kuniomba niende Maskati nikamtazamie udongo wa shamba lake. Mimi ni bibi shamba, na yeye ndiye aliyenisomesha. Nikaomba ruhusa kazini, nikapanda ndege.

Asubuhi baada ya kufika, mkewe, Bi Asya, alinipeleka kwa gari Yiti, kwenye shamba. Tulipita magereji ya Wadi Kabir, kisha barabara ikaingia milimani.

"Salma," akaniambia, "ukikuta shamba limekufa, usimwambie. Moyo wake hauna nguvu hiyo."



Yiti, shamba liko nyuma ya kijiji. Makuti ya mitende yalikuwa yamekauka, na udongo umefanya ukoko mweupe wa chumvi. Bahari ilikuwa imeingia kisimani chini kwa chini. Niling'oa mche wa kunde. Kwenye mizizi ya kunde huota vinundu, na ndani yake huishi bakteria wanaovuta naitrojeni hewani na kuulisha mmea. Kinundu kizima ukikipasua, ndani ni chekundu. Nilichimba tuta baada ya tuta. Mizizi mingi ilikuwa mitupu. Vinundu vichache nilivyovipata vilikuwa vya kijivu. Nilikuwa nimechukua pakiti ya bakteria hao, wa kuchanganya na mbegu. Sikuifungua. Chumvi ile ingewaua na wao.

Jioni, nyumbani, Ami alikuwa ameegemezwa mito.

"Umewaona wadudu wangu wa kwenye mizizi?"

Bi Asya alinikazia macho.

"Wamekufa, Ami," nikasema. "Maji ya kisima ndiyo yaliyowaua."

Ami aliitikia kwa kichwa. "Nlijua. Kunde zilikuwa zikitoka manjano, na kila anayekuja ananambia zitapona. Nkaanza kujiona nna wazimu." Akamshika mkewe mkono. "Asya, kisima kifungwe. Udongo uachieni mvua iuoshe chumvi, hata ikichukua miaka."

Bi Asya alilia, naye akamwacha alie.

Nilirudi Unguja, na Ami akafariki kabla ya mvua. Nilikwenda nikiamini kazi yangu ni kuponya udongo. Kumbe nilikuwa nimeitwa kumwambia mgonjwa kwamba macho yake hayakumdanganya.

Baada ya khitma Bi Asya alinipigia simu. Kisima kimefungwa, na yeye huenda Yiti kila Ijumaa.

"Unapanda nini?" nikamuuliza.

"Sipandi kitu, mwanangu. Nakaa na shamba lake tu."