Siku Ndege ya Taifa Ilipokuja Eldoret

Juzi nilikuwa kwenye ndege nikitoka Nairobi kuja nyumbani. Tulipoanza kushuka juu ya mashamba ya Kapseret, nikaona mabati yanang'aa na ng'ombe wadogo kama punje za maharagwe, moyo ukaanza kunienda mbio kama wa mtoto. Ngoja nikueleze sababu, rafiki yangu.

Nililelewa na nyanya yangu, tuliyemwita Kogo, pale Kapseret, karibu kabisa na uwanja wa ndege wa Eldoret. Asubuhi tulikamua, tukapeleka maziwa barabarani, halafu tukakimbia shule viatu vikiwa vimelowa umande. Uwanja ulikuwa mpya bado. Zilizotua pale zilikuwa ndege za mizigo, zilizonguruma mpaka kuku wakajificha chini ya ghala la mahindi, na vindege vidogo vya watu wenye haraka zao. Ile ya taifa letu tuliijua kwa picha tu, iliyobandikwa ukutani darasani. Mwalimu alituambia kwamba ikitua London, ni Kenya imefika London. Mimi nikawa najiuliza, sasa mbona Eldoret haijafika?

Kwa jirani yetu, mama mjane, ndege hiyo ilikuwa imeleta maneno. Binti yake mkubwa, ambaye sisi watoto tulimwita Dada, aliacha chuo cha ualimu akaenda kuwa mhudumu ndani ya ndege za taifa. Kijiji kizima kilifurahi isipokuwa mama yake. Nakumbuka akimwambia Kogo, wakichambua mboga za managu pale jikoni kwetu, "Mimi nilisomesha mwalimu. Huyo wa kupelekea watu chai mawinguni simjui." Dada alikuja Krismasi moja. Mama akampakulia chakula vizuri, lakini hakumuuliza neno lolote kuhusu kazi. Dada akaondoka, na Krismasi iliyofuata hakuonekana.

Halafu redio ikatangaza kwamba ndege ya taifa itaanza kuja Eldoret. Yaani hatukulala! Mwalimu alisema tutaenda darasa zima, tuvae sweta safi. Kisha binamu yake Dada akaja na habari kubwa kuliko zote: Dada mwenyewe atakuwa kwenye safari ya kwanza. Kogo akavuka ua kumpelekea jirani habari. Akarudi akisema mama yule amejibu kwamba mahindi yake yamejaa magugu, na magugu hayangojei ndege.

Siku yenyewe watu walitoka mbali, hata vijiji vya Moiben na Ziwa, wengine wamepanda lori la mahindi. Tulijipanga kwenye ua wa waya, mahindi ya kuchoma mikononi, shingo zimeelekea juu. Mtu akipiga chafya tunadhani ndiyo inakuja. Mara sauti ikasikika upande wa kusini, nzito na laini, na ndege ikatokea mawinguni, nyeupe, na rangi za bendera yetu ubavuni. Mwalimu wetu, mtu mkali yule, alivua kofia akalia waziwazi.

Abiria wakashuka, wakaisha. Ndipo Dada akatokea juu ya ngazi, amevaa yunifomu, skafu shingoni. Tukapiga kelele jina lake. Akatupungia mkono, lakini macho yake yalikuwa yakitafuta kwenye ua, kutoka mwisho huu hadi mwisho ule.

Nyuma yangu watu wakaanza kupisha. Alikuwa mama yake, gambuti miguuni zikiwa na udongo wa shamba, amekumbatia kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando yenye masizi. Dada akazungumza na rubani, akateremka, akatembea mpaka kwenye waya. Wakatazamana.

"Ni wewe unapelekea watu chai?" mama akauliza.

"Ni mimi, Mama."

"Na wewe ni nani anakupelekea?"

Mama akamimina mursik kwenye kifuniko cha kibuyu, akaupitisha juu ya waya. Dada akaunywa wote, masizi ya mursik yakabaki mdomoni, skafu ikalowa machozi. Kogo akapiga kigelegele, na sisi sote tukaruka ruka kama ndama walioachiliwa asubuhi.

Krismasi ya mwaka ule Dada alikuja, na mama yake akamuuliza maswali mpaka chakula kikapoa. Alitaka kujua kama mawingu yana harufu.

Kogo ametutoka, jirani naye ametutoka, na shamba lao sasa ni ploti za nyumba za kupangisha. Mahali pa ule ua wa waya pana ukuta mrefu. Ndege hutua na kuruka kutwa nzima, na watoto wa Kapseret hawainui hata macho. Sio kosa lao. Tulitaka iwe yetu, ikawa yetu, tukaizoea. Lakini juzi niliposhuka ngazi, abiria wenzangu wakiwasha simu, nilisimama kidogo nikasikiliza upande wa ule ukuta, labda kuna kigelegele. Palikuwa kimya kabisa.