Anayehesabu kiduha kijiko kwa kijiko

Saa tatu asubuhi jua la Shinyanga limeshakuwa kali, na Sikujua Bujiku anaosha udongo. Anatia kijiko kimoja kwenye maji, anakoroga, anamimina juu ya chekeche lenye matundu madogo kuliko ya chujio la chai, anarudia mpaka maji yatoke safi. Kinachobaki ni vumbi la rangi ya kahawia ambalo mtu mwingine angelipuliza tu aendelee na shughuli zake.

Yeye analiweka chini ya lenzi na kuanza kulitenganisha kwa ncha ya sindano.

"Arobaini na tatu," anasema, kisha anahesabu tena tangu mwanzo.

Udongo huu si wa kituo cha utafiti anakofanya kibarua. Ni wa shamba lake mwenyewe, na Jumamosi kuna mtu anakuja kulinunua.

Kila chembe anayoihesabu ni mbegu ya kiduha, gugu lenye maua ya zambarau yanayopendeza macho, lakini humaliza mtama. Huanza maisha chini ya ardhi, hujishikiza kwenye mizizi ya mtama na kunyonya. Mkulima huja kuliona likiwa limeshashiba. Shamba la Sikujua, ekari tatu, lilizoea kutoa magunia kumi na nane. Mavuno ya mwisho ya mtama yalikuwa magunia mawili.

Mumewe, Thobias, alisema ardhi imekufa. Akafunga begi, akaenda machimboni karibu na Katoro. Sasa anataka shamba liuzwe ili aingie ubia kwenye duara, yaani shimo la dhahabu. Bila sahihi ya mkewe haliuziki, na mkewe, mwenye miaka arobaini na mmoja, hajatia sahihi.

"Akiuza, hana tena cha kumrudisha nyumbani," anasema. Hasemi kwa hasira. Anasema huku akisuuza chekeche.

Alipoanza kazi hapa mwaka jana, swali lake la kwanza kwa mtafiti, Dk. Ritha, lilikuwa la mtu aliyedhulumiwa: mbegu isiyo na macho inajuaje kwamba hapa pamepandwa mtama?

"Mimea ya maua ina jeni inayosaidia mbegu kujua wakati wa kuamka," anaeleza Dk. Ritha. "Katika ukoo wa kiduha, zamani mno, jeni hiyo ilijinakili. Zikawa mbili, zikaongezeka hadi kupita kumi. Kwa kuwa nakala moja ilibaki na kazi ya zamani, nyingine zilipata nafasi ya kubadilika. Baadhi zikaja kuweza kunusa kitu ambacho mizizi ya mtama huachia udongoni."

Anaongeza kwamba si kiduha peke yake. Mbegu nyingi tunazozijua, zenye ganda gumu au akiba ya chakula ndani, zimefaidika na nakala za ziada za namna hiyo.

Wasomi huchukua muhula mzima kulielewa jambo hili. Sikujua alilielewa kabla chai haijapoa.

"Ni kama kwa wakwe zangu," anasema. "Shemeji alibaki na ng'ombe. Kwa hiyo mume wangu, Baba Nelly, hakuwa na lazima ya kuchunga, akawa huru kwenda kujifunza kunusa dhahabu." Anacheka, halafu anaacha kucheka.

Dawa aliyofundishwa kituoni ni pamba. Mizizi yake nayo hutoa kitu kinachokidanganya kiduha. Mbegu inaamka, inakosa pa kunyonya, inakufa ndani ya siku chache. Msimu uliopita Sikujua na binti yake Nelly walipanda pamba shamba zima, huku majirani walioichoka pamba wakiwashangaa. Kabla ya kupanda, kijiko kilikuwa na mbegu sitini na moja. Leo ni arobaini na tatu.

Lakini kuna jambo hajawahi kumwambia mumewe, na linamuuma.

Kijijini kwake watu hulima kwa bugobogobo, kikundi kinachoinua majembe pamoja kwa mdundo wa ngoma na kuhama shamba hadi shamba. Mwaka mmoja, shamba likiwa bado zima, Thobias alitaka wakodi jembe la ng'ombe. Sikujua alishikilia waitwe wenzake wa kikundi. Walikuja moja kwa moja kutoka shamba lililojaa maua ya zambarau, majembe yakiwa na udongo mbichi. Hakuna aliyeyaosha, kwa sababu jembe lenye udongo ndiyo sifa ya mtu aliyefanya kazi.

"Mwaka uliofuata maua machache yakaota kando ya njia," anasimulia. "Tukayaona mazuri. Nilikuja kushtuka hapa kituoni, siku tulipoambiwa tuoshe majembe kabla ya kuhamia kitalu kingine. Ndipo nikajua kiduha kiliingiaje shambani kwetu."

Saa sita mchana anampigia Thobias simu. Anamwambia habari yote ya majembe, bila kujitetea. Upande wa pili kuna kelele za mashine ya kusaga mawe.

"Yalikuwa mangapi?" Thobias anauliza.

"Kumi na tisa. Pamoja na langu."

"Basi usiwaite tena, Mama Nelly."

"Nitawaita. Wataosha kwanza. Nimeshaongea na Ignas."

Ignas ndiye kiongozi wa kikundi. Mwanzoni aliliona kuwa tusi. "Mayu, unatuambia sisi wachafu?" alimuuliza, akimwita mama kwa Kisukuma, kisha akamnunia wiki nzima. Baadaye akaja mwenyewe kuuliza pipa la maji liwe la ukubwa gani.

Simu inapokatika, Sikujua anarudi kwenye lenzi. Mnunuzi ataambiwa asubiri. Mvua zikianza, atapanda pamba tena, na mwaka unaofuata tena, mpaka udongo uweze kubeba mtama.

"Hajasema atarudi," anasema. "Amesema nipime tena mwezi wa saba, tukishavuna pamba, nimsomee hesabu kwenye simu."

Anafuta sindano kwa kitambaa.

"Nami nitamsomea, hata ikiwa imepanda."