Saba Iliyokatwa Kiunoni

Nahimana alifundisha baiolojia mjini Bujumbura kwa miaka kumi na moja, na vyeti vyake viliungua pamoja na nyumba yake. Mwaka 1998, akiwa mkimbizi kusini mwa Afrika, akiishi mtaa wa Sydenham, alipata kazi ya kuosha matangi ya perege katika maabara moja ya chuo kikuu upande wa Westville. Mkuu wake, Dokta Meyrick, alipoona jinsi alivyofungua fuvu la samaki na kuitoa tezi ya pituitari nzima, nayo ni ndogo kuliko punje ya ulezi, alimkabidhi vipimo pia. Akamwahidi kwamba faili lake likiwa safi, chuo kitampokea kwa shahada ya uzamili hata bila vyeti.

Utafiti wenyewe ulikuwa hivi. Homoni ya estrojeni hutoka kwenye ovari za samaki jike na kusafiri kwa damu hadi kwenye tezi hiyo. Humo, ndani ya seli, hudakwa na kipokezi. Na kipokezi kikishashikamana nayo, huiamuru seli itengeneze homoni ya kukomaza mayai. Tangi la 7 lilipewa estrojeni peke yake. Tangi la 1 lilipewa estrojeni pamoja na dawa ya kuziba kipokezi, kwa hiyo homoni ya mayai ilitarajiwa kushuka. Haikushuka. Nahimana alipima mara tatu, kisha akaandika kwamba huenda kuna kipokezi cha pili, ambacho dawa ile haikizibi.

Dokta alilisoma daftari akakunja uso. "Hapa umeandika saba, na hapa umeifuta saba. Umechanganya matangi."

"Hii ni moja, Dokta. Kwetu moja ina mkia mrefu juu, na saba hukatwa kistari kiunoni ili zisichanganywe."

"Huku namba ikikatwa imefutwa."

Akaandika kwenye faili: anachanganya matangi.

Jioni mumewe, Léonard, alimtania. "Eish, mwalimu mzima kafeli kuandika moja." Nahimana hakucheka.

Miezi sita baadaye Godson, mwanafunzi kutoka Mbeya, aliagizwa kulirudia jaribio lile. Alimfuata Nahimana kwenye sinki.

"Mama, majibu ni yale yale yako."

"Basi mwambie."

"Anajua. Mimi namaliza Desemba, mama. Usiniweke katikati."

Makala ilitoka ikitangaza vipokezi viwili, chini ya majina mawili: la Dokta na la Godson. Nahimana hakudai jina. Aliomba tu sentensi moja ifutwe kwenye faili kabla kamati ya chuo haijakaa.

"Hayo yameshapita, Nahimana," Dokta alijibu kwa upole. "Nikifuta leo, wataniuliza kwa nini niliandika."

Kamati ilimkataa kwa mistari miwili: mwombaji hana vyeti, na msimamizi wake ana shaka na takwimu zake. Aliisoma barua hiyo akiwa amevaa glavu za kazi. Kwenye beseni la barafu walikuwamo perege thelathini, na Dokta alikuwa ameagiza kwamba vichwa vyao asivifungue mtu mwingine yeyote ila yeye Nahimana. Nahimana akachukua kisu.