Alama Mbili za Mlango wa Teksi

Mwanangu, Ijumaa ile naikumbuka kwa uchungu wake na kwa raha yake. Nilikuwa kijana, mlinzi wa jengo la maduka kule Al Barsha, hapa Dubai, na mfukoni nilikuwa na karatasi ya msimamizi ya kupima kazi yangu: alama mbili kati ya tano. Nikiitia saini kesho yake, viza haihuishwi, narudi Morogoro mikono mitupu. Nami moyoni nilikuwa nimeshakubali. Ujana huo, unatishwa na namba.

Chumbani kwetu, mtaa wa Satwa, kila Ijumaa tulicheza besiboli, ule mchezo wa Kimarekani wa kupiga mpira kwa gongo, ila yetu ya mezani, ya kadi na dadu, aliyotufundisha Mzee Hamadi, fundi cherehani wa Unguja. Kila mchezaji ana kadi inayosema anavyopiga, na pembeni ina alama yake ya udakaji. Hapo namba ndogo ndiyo bora: moja ni mikono yenye gundi, tano ni chujio. Viwanja navyo vina kadi zao. Kwenye kiwanja kifupi mpira huvuka ukuta kirahisi. Kwenye kipana, mpira uleule huishia mikononi mwa mdakaji.

Mimi nilijikusanyia wapigaji watupu. Mdakaji wangu wa alama moja nilimgawa bure kwa Otieno, Mkenya tuliyefanya naye kazi, kwa kuwa mdakaji huyo hakujua kupiga. Basi tukacheza kwenye kiwanja kipana. Wapigaji wangu wakadakwa mmoja mmoja, na yule chujio niliyemweka katikati akaangusha kila kilichomjia.

"Bro, hii timu yako ni ya kupiga picha tu!" Otieno alicheka akishika mbavu.

Nikazitupa dadu mvunguni, nikazilaani.

Mzee Hamadi hakupaza sauti. "Ukitaka cha mvunguni, sharti uiname. Ziokote." Nikainama. "Sifa za wapigaji wako zilitoka kiwanja kifupi, nawe hukuuliza. Na mdakaji umemtupa kwa kuwa hapigiwi makofi. Haya, wewe mlinzi, nani kakupigia makofi, na lini?"

Iliniuma, mwanangu. Nikatoa ile karatasi.

"Unasimama mlango gani?"

"Wa teksi."

"Na aliyepewa tano?"

"Wa ofisini. Hapiti mtu pale."

Akanirudishia karatasi. "Khalas, yamekwisha. Unajua la kufanya."

Kesho yake msimamizi akanisogezea kalamu. "Yalla, haraka, saini."

"Sir, sisaini. Umati wote unapita kwangu, na malalamiko yote yanaanzia hapo. Nibadilishe na wa alama tano wiki moja, kisha utuandike upya."

Kalamu nikairudisha mezani. Msimamizi alinuna, akakubali. Siku ya tatu yule wa tano akaomba mwenyewe arudishwe mlango wake. Karatasi yangu ikachanwa, viza ikahuishwa, na Dubai hii nipo mpaka leo. Mdakaji wangu nilimkomboa kwa Otieno kwa wapigaji wawili, na bado alinicheka.

Basi ukipewa namba, usiinamishe kichwa. Uliza ilipatikana uwanja gani. Na siku kalamu ikiwa mkononi mwako, usimpime mwenzio kwa makofi, maana anayezuia mabaya yasitokee hana kelele. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mimi naongeza: asipopewa, aidai amesimama.

Mungu akupe mikono isiyoangusha, mwanangu, na ulimi usioogopa kuuliza.