Barafu ya Mwenyekiti

Kaka yangu alikuwa kinyozi, na kinyozi asiyeongea ni sawa na mpishi asiyeonja. Yeye aliongea. Ukikaa kwenye kiti chake ulitoka umenyolewa, na juu ya hapo umejua nani kaoa, nani kaachika na timu ipi itafungwa Jumamosi. Lakini neno lake hasa lilikuwa moja: poa. Habari za asubuhi? Poa. Mashine imeharibika? Poa. Mteja analalamika kisogo hakikulingana? "Poa, bosi wangu, kaa nikuweke sawa." Mtaa ukamwita hivyo hivyo, Poa, mpaka wengine hawakujua kama ana jina alilopewa na baba yetu.

Ndani ya kibanda chake cha kunyolea, pembeni ya kioo, aliweka tangi la samaki. Lilikuwa la watoto wanaoangua kilio wakisikia mashine. Mtoto akishawaona samaki hana habari tena na kichwa chake. Walikuwa wale samaki wa dhahabu, wanene, mikia imewafunguka kama shela. Mkubwa wao, tumbo mbele na macho ya kutokeza, alisimama katikati ya maji akiwatazama watu bila haraka, kama anangoja akidi itimie. Wateja wakamwita Mwenyekiti. Wadogo waliobaki wakawa wajumbe.

Msimu wa joto ukifika ilikuwa vita. Samaki wale hawaliwezi joto. Maji yakipata moto pumzi inawapungua, wanapanda juu wanatweta. Kaka alifunua mfuniko wa tangi, akazima taa yake, akalielekeza feni kwenye maji. Wateja wakaja juu. "Ala! Samaki wapepewe, sisi tukaangwe?" Naye akawajibu, "Wewe ukizidiwa utatoka nje. Huyu atatoka aende wapi?" Jioni aliongeza maji ya baridi, lakini kikombe, kisha anangoja, kikombe, kisha anangoja, kama mtu anayemnywesha mgonjwa uji. Siku moja nilimwambia, "Si umwage ndoo nzima tuondoke?" Akasema, "Mdogo wangu, wewe ukitolewa kwenye pasi zako ukatupwa ndani ya friji, utapona?" Mimi ni dobi wa hoteli. Nilimwelewa.

Kiharusi kilimkuta wembe uko mkononi. Mteja aliyekuwa kitini bado anasimulia mtaani kwamba wembe ulitupwa mbali kabla mwenyewe hajaanguka. Hospitali wakamrudisha upande wa kulia umekufa na ulimi umekufa. Daktari akasema maneno yote yameondoka. Si yote. Tulimpandisha kitandani nyumbani, wifi yangu, yaani mkewe, akamwuliza kama mto uko sawa, naye akakunja uso, akahangaika, akasema, "Poa." Wifi alilia na kucheka kwa pamoja. Mimi nilitoka nje nikajifanya naanika nguo.

Basi ikawa neno hilo tu, kwa kila kitu. Mwenye sikio aliweza kuzitofautisha poa zake. Poa ya njaa ilikuwa fupi. Poa ya choo ilikuja kwa haraka, na ukiichelewesha shauri yako. Poa ya kunitania mimi ilivutwa mwishoni. Na ile ya "niache, unaniumiza", aliyomwambia mtu wa mazoezi alipomnyoosha mkono, ilianzia juu ikakatika ghafla. Mimi nilizijua zote kwa sababu tulilala chumba kimoja utotoni. Namjua hata akipumua. Wifi yangu ni mwema, nasema kweli, hakuna mke wa kumzidi, lakini sikio la sauti hakupewa. Akiimba wimbo wa harusi watu hutafuta leso.

Kliniki kulikuwa na binti anayefundisha watu kusema upya. Alituambia neno moja ni mlango, ukiuacha wazi mengine yataingia. Ukifungwa, basi tena. "Kinachomfanya afungue mdomo, kiacheni mbele yake," alisema. Sasa, kilichomfungua mdomo hatukuwa sisi. Walikuwa samaki. Tulilihamishia tangi sebuleni, tukaliweka upande wake mzima, naye akaketi hapo kutwa nzima akizungumza nao. Poa, poa, poa, kama mwenyekiti na katibu wake. Halafu ikaanza sauti nyingine. "Ma..." Mdomo unafunga, shingo inamsimama. "Ma..."

"Ananiita," wifi akasema, uso umechanua. "Anasema Mama. Mama watoto."

"Acha kujipendekeza," nikamwambia. "Anasema maji. Humwoni anatazama wapi?"

"Wifi, wivu huo utakuzeesha."

"Nimeshazeeka, sina cha kupoteza."

Tulibishana hivyo wiki nzima kwa furaha. Binti wa kliniki alisema iwe mama, iwe maji, yote ni sawa, neno la pili liko njiani, tusimvuruge. Kwa hiyo tangi lile halikuwa pambo. Ulimi wa kaka yangu ulikuwa ndani yake, unaogelea.

Ndipo joto likaja. Si joto la kawaida. Nyumba ya kaka imeezekwa bati, na bati likishapata jua la saa sita sebule inageuka tanuri. Wifi alifunua mfuniko, akazima taa, akatundika shuka bichi dirishani, feni likaelekezwa kwenye maji, yeye na mumewe wakibaki wanatiririka jasho. Samaki walivumilia. Walikuwa wazito, hawali sana, lakini walivumilia.

Siku moja mchana umeme ukakatika. Feni likasimama, na kipampu kinachopuliza hewa ndani ya tangi kikanyamaza. Wifi akanipigia simu nikiwa kazini, katikati ya mashuka na mvuke.

"Wifi, wamepanda juu wote. Mwenyekiti anafungua mdomo kama anayedai haki yake. Na mwenzangu hapa anapiga kelele poa, poa, anagonga kiti. Nifanyeje?"

"Yapepee maji kwa sinia," nikasema. "Funga kitambaa kibichi kwenye kioo. Teka maji kwa kikombe uyamimine tena kutoka juu, yapate hewa. Polepole. Nikitoka nakuja."

"Haya. Haya. Ngoja, nani huyo? Ooh, Mungu mkubwa! Wifi, jirani kaja na barafu!"

Jirani huyo anauza soda na maji baridi barazani kwake, na kila mtu anamwita Mama Barafu. Nilimsikia kwa mbali, sauti yake imejaa huruma: "Chukueni tu, ndoo nzima. Barafu si kitu, cha muhimu roho ya mtu itulie." Halafu nikasikia simu inawekwa juu ya meza. Wifi hakuikata. Aliiweka tu, mikono ipate kushika ndoo.

Nikasikia kila kitu. Barafu ikishuka kwenye maji ina kelele yake, kama kokoto. Na juu ya kelele hiyo kaka yangu: "Poa! Poa!" Ilianzia juu ikakatika. Ilianzia juu ikakatika.

"Msimwage!" nikapiga kelele kwenye simu. "Wifi! Acha! Anakuambia acha!"

Wifi alikuwa anamwambia Mama Barafu, "Unamsikia? Anasema poa. Anataka tuyapoze. Ongeza, ongeza!"

"Poa! Poa!"

"Tunaongeza, mume wangu, tunaongeza, usijisumbue."

Jamani. Nimewahi kuungua kwa pasi mpaka ngozi ikabaki kwenye chuma, sikulia. Siku ile nililia. Nilikata simu nikapiga upya. Inaita, inaita, hakuna wa kupokea, mikono yao yote imo ndani ya barafu. Nikapiga tena. Mwenzangu wa mashine ya pili akaniangalia kwa huruma akasema, "Mwache, dada, wanaume ndivyo walivyo." Nilitamani kumtupia ndoo ya sabuni.

Nikamkimbilia msimamizi. "Naomba ruhusa niende nyumbani. Kuna dharura."

"Kuna mgonjwa?"

"Wanakufa."

Akashtuka, akasimama. "Nani?"

Sasa hapo niseme nini? Nina mdomo, mtaa mzima unajua nina mdomo, lakini ulinisaliti. "Samaki," nikasema.

Akaketi tena taratibu. "Samaki," akasema. Hakucheka, afadhali angecheka. Akanionyesha kwa kidevu mlima wa mashuka unaoningoja. Nami nikarudi nikayakunja. Ningefika nyumbani kufanya nini? Barafu ikishayeyuka huiombi irudi kwenye ndoo.

Nilipofika jua lilikuwa limeinama. Kioo cha tangi kilikuwa kinatoa jasho, na vipande vidogo vya barafu bado vinaelea. Wajumbe walikuwa wamelala chini juu ya changarawe. Mwenyekiti alikuwa ubavu, mapezi yameshikana, shavu lake linafunguka mara moja, unangoja, unangoja, kisha tena. Nilichota vile vipande kwa kijiko, nikaviweka mezani kimoja kimoja, nikijua nafanya kazi bure. Mfa maji haachi kutapatapa, na sisi tuliokuwa nchi kavu tulitapatapa kuliko wao.

Wifi alikuwa amelowa mpaka mabegani, vidole vimepauka kwa baridi. "Joto limetushinda, wifi," akasema. "Tumejitahidi, Mungu shahidi. Tumemwaga ndoo mbili. Jirani katoa barafu ya biashara yake yote."

"Ningekuja mapema," Mama Barafu akasema, naye analia, amekumbatia ndoo tupu. "Ningekuja mapema kidogo tu."

Nilimtazama kaka. Alikuwa ameketi pale pale, sauti imemkauka kwa kupiga kelele, mkono mzima bado umeshika ukingo wa kiti. Alinitazama kama mtu aliyekuwa akimngoja mkalimani wake, na mkalimani kafika soko limefungwa. Kabla giza halijaingia lile shavu la Mwenyekiti halikufunguka tena. Nilimzika pamoja na wajumbe wake nyuma ya jiko, na wifi akaniomba nisilifukie shimo kwa nguvu.

Kuanzia siku hiyo kaka yangu hakusema. Hata lile moja. Tulidhani amepoteza sauti, tukampa maji ya uvuguvugu na asali. Sauti ipo, usingizini anaguna. Akitaka choo anagonga kiti. Akiwa na njaa anangoja. Wifi aliyekuwa akilalamika kwamba neno hilo litamtia wazimu, sasa anapiga magoti mbele yake. "Sema basi. Sema poa tu, mume wangu. Mara moja." Naye anamtazama kwa upole, na mdomo umefungwa. Tulimpeleka kliniki. Yule binti alijaribu picha, akajaribu nyimbo, mwisho akaandika kitu kwenye karatasi yake na kusema tumpe muda. Alipoambiwa tutamnunulia samaki wengine, kaka alitikisa kichwa mpaka mate yakamtoka.

Wifi hakuliondoa tangi. Si aliambiwa kinachomfungua mdomo kisiondolewe? Ameliosha, amelijaza maji safi, umeme ukiwepo anawasha kipampu, na mapovu yanapanda kutwa ndani ya maji yasiyo na mtu.

Jana nilimkuta wifi anamnyoa kaka ndevu. Mke wa kinyozi, na hajui hata kushika wembe; kamwachia visiwa shavu zima. Nilimtania, akacheka kidogo, kisha akasimamisha mkono. Alikuwa amekonda.

"Wifi, wewe ndiye unayemwelewa," akasema. "Nataka kukuuliza kitu, na usinifiche. Siku ile ya barafu, alikuwa akipiga kelele vile. Nikilala nazisikia. Alikuwa anasema nini?"

Kaka yangu akainua macho, akanitazama. Kidevu kimejaa povu, lakini macho yalikuwa yake kabisa, yale ya kitini, ya mtu mwenye maneno mengi. Alikuwa ananingoja. Duniani kote ni mimi tu niliyeweza kuyasema kwa niaba yake. Nilitazama pia ile mikono ya wifi, inayomgeuza kitandani, inayomlisha, inayomwosha, na ambayo kesho itaamka ifanye hayo hayo tena, hakuna mwingine.

"Alikuwa anakuambia ongeza," nikasema.

Wifi akashusha pumzi mpaka mabega yakalegea. "Nilijua," akasema. "Nilijua tu." Akapangusa wembe, akaenda jikoni kubadilisha maji, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi nikamsikia akiimba, vibaya.

Kaka aliendelea kunitazama. Nilisema, "Kaka." Basi akaugeuza uso mbali nami. Upande anaoweza kuugeukia ni mmoja tu, ule wenye tangi.